Shirika na Kazi ya Kila Siku: Kuwaandaa Waamini wa Goma kwa Utume na Huduma



Mada niliyopewa katika semina hii ni pana, naomba niibane. Nitazungumzia shirika, jumuiya yetu ndogo ya mtaani inayokutana kila juma, na nitauliza linamwandaa mwamini kwa utume gani. Jibu langu nalitoa mapema ili mlipime ninapoendelea: utume wa kwanza wa Mkristo wa Goma uko pale anapotafutia riziki yake, na mashirika yetu bado hayajamwandaa kwenda huko.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mwaka 1961, uhuru ukiwa bado mchanga, maaskofu wa Kongo waliamua kwamba Kanisa la nchi hii lisimame juu ya jumuiya hai za waamini. Miaka ya sabini maaskofu wa Afrika Mashariki nao, katika mikutano yao ya AMECEA, walichagua njia hiyo ya jumuiya ndogondogo. Kule Kinshasa, mwaka 1975, Kardinali Joseph Malula alianza kuwakabidhi walei uongozi wa parokia, wale walioitwa bakambi. Haukuwa wakati wa raha. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulikuwa umepiga marufuku vyama vya vijana vya kidini, Xaveri yetu iliyozaliwa Bukavu mwaka 1952 ikiwemo. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za taifa, kisha shule za Kanisa zikatwaliwa na serikali. Wazee waliomo humu ukumbini wanajua kilichobaki: watu majumbani mwao, Injili mkononi, na jirani wa kusali naye.

Hapa Goma tuliyaona hayo tena kwa namna nyingine. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita kwenye uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji hadi ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea. Watu walikimbilia Gisenyi na Sake, na baada ya siku chache wengi wakarudi, mawe yakiwa bado ya moto chini ya viatu. Aliyepoteza nyumba alipokelewa na nani? Mara nyingi na mtu wa shirika lake, aliyejua jina lake, idadi ya watoto wake na nani kati yao ni mgonjwa. Hakuna ofisi iliyokuwa na orodha hiyo. Nguvu hiyo tunayo, na tumeionyesha kila msiba unaporudi: mwaka 2012 waasi wa M23 walipouingia mji, Mei 2021 volkano ilipotoka tena, na tangu mwisho wa Januari 2025 M23 ilipouchukua mji tena, benki zikafungwa na watu waliokimbia vita, wa kambi zilizotuzunguka, wakatakiwa kuondoka.

Kwa hiyo sisemi mashirika yetu yamekufa. Nasema tumeyafundisha mambo mawili, kuzika na kuchanga, tukaishia hapo.

Tutazame jioni moja ya shirika, ya kawaida kabisa. Watu wanafika mmoja mmoja, mabenchi yanaletwa kutoka kwa jirani, mama mwenye nyumba anaweka taa mezani. Wimbo, sala, Injili ya Dominika inayokuja inasomwa mara mbili. Wawili watatu wanasema neno lililowagusa, na karibu kila mara ni wale wale. Kisha daftari linafunguliwa, na hapo ndipo sauti zinapanda: mchango wa mazishi, mchango wa jubilei, deni la bati za kanisa, nani hajatoa. Saa moja na nusu imekwisha. Yule kijana wa taksi-moto aliyekaa karibu na mlango hajaulizwa siku yake ilikuwaje. Mwalimu anayeombwa pesa ili abadilishe alama za mtoto wa mtu hajapata pa kulisemea. Muuguzi, karani wa mahakama, mama anayevusha bidhaa mpakani Petite Barrière kila asubuhi: wote wanarudi nyumbani na Injili waliyoisikia, na kesho wanaingia kazini peke yao.

Sasa nataka tukae na mtu mmoja wa mji huu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanza Roma mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari waliomzunguka Andrea Riccardi. Hapa kwetu jumuiya hiyo iliwatafuta watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, ikawakusanya katika Shule ya Amani. Floribert alikuwa mmoja wa waliokaa nao. Baadaye akapata kazi katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, na dawati lake lilikuwa la bidhaa zilizoharibika. Mchele mbovu ulipofika mpakani, wenye mzigo walitaka upite. Walimpa pesa, akakataa. Walipandisha, akakataa tena. Mchele ule haukuuzwa. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake katika uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, mwezi Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Tumeshaanza kumwimbia na kuchapa sura yake kwenye vitenge. Ni vizuri. Lakini semina hii ni ya kuandaa watu, basi tuulize aliandaliwaje. Katika maisha yake naona mambo mawili ambayo shirika lolote linaweza kuyafanya.

La kwanza: kabla ya kujaribiwa dawatini, alikuwa amezoea kuwahudumia watoto ambao hawakuwa na kitu cha kumlipa. Aliwajua kwa sura na majina. Mtu aliyekaa na mtoto mwenye njaa akiona gunia la mchele mbovu, anajua litaishia kwenye sufuria ya nani. Sisi vijana wetu tunawapa vyeo: rais wa kikundi, katibu, mshauri wa pili. Tunawapa fulana. Tuwape mtu. Kila anayejiandaa kupokea Kipaimara akabidhiwe mtu mmoja wa mtaa, bibi asiyeona, mtoto aliyeacha shule, familia iliyotoka Masisi na kupanga chumba kimoja, na amtembelee kila juma kwa mwaka mzima. Katekista amwulize habari za mtu huyo kabla ya kumwuliza katekisimu. Kumjua mtu kwa mwaka mmoja kunafundisha huduma kuliko semina nyingi, hii yangu ikiwemo.

La pili ndilo linalonigusa zaidi. Floribert alikuwa na wa kumwambia. Alimweleza sista mmoja rafiki yake, daktari, juu ya ile pesa na kwa nini asingeweza kuipokea. Hakulibeba moyoni peke yake. Ndugu zangu, ni nani katika shirika lako anaweza kusema mbele ya wenzake: "Leo wameniwekea bahasha mezani, na nyumbani hakuna unga"? Wengi hawathubutu, kwa sababu wanaogopa kuhukumiwa, na siku hizi wanaogopa pia maneno yao yafike pasipotakiwa. Woga huo wa pili ni wa kweli, siwezi kuuondoa kwa mahubiri. Ndiyo maana napendekeza kila shirika ligawanywe katika vikundi vya watu wanne au watano wanaoaminiana, wakutane nje ya siku ya daftari, na swali lao liwe moja: Injili ya Dominika inaniambia nini juu ya kazi yangu ya juma hili? Kisiandikwe kitu. Kinachosemwa kibaki hapo.

Katika kuvipanga vikundi hivyo kuna hatari ambayo lazima tuitaje. Shirika linakusanya watu kwa mtaa, na mtaa wa Goma una Mhunde, Mnande, Mhutu, Mtutsi, Mshi na wengine, katika ua mmoja, wakinywa maji ya bomba moja. Tukisema "wanaoaminiana", kila mtu atataka kukaa na wa lugha yake. Nawasihi wakubwa wa mashirika: msikubali. Tangu vita ya Masisi ya mwaka 1993 tumeona namna jirani anavyogeuzwa adui kwa maneno tu. Kikundi cha watu watano wa kabila moja kinaweza kusali vizuri sana, na bado kikawa chumba cha kupikia chuki. Ikibidi kuaminiana kuchukue miezi sita, na kuchukue.

Ndugu zetu Waprotestanti wametutangulia katika mambo mengine. Kanisa la Kibaptisti la CBCA na makanisa mengine wenzake yalianzisha hapa chuo kikuu cha ULPGL mwaka 1985, ili vijana wasome, sheria na uchumi vikiwemo, wakiwa ndani ya imani yao. Tusione haya kuwauliza wanamsindikizaje mwanasheria baada ya kumpa diploma.

Najua neno mtakaloniambia mara tu nitakapokaa: njaa. Mtu aliyekaa miezi bila mshahara, benki zikiwa zimefungwa, ataikataaje bahasha? Neno hilo ni la haki. Shirika linalomwambia baba wa watoto sita "kataa" halafu linamwacha apoteze kazi peke yake, linamtwisha mzigo ambao lenyewe haliugusi. Basi turudi kwenye lile daftari. Likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, tunaijua wote, akina mama wameshikilia mji huu kwayo. Naomba kila shirika lifungue ukurasa mmoja mpya kwa ajili ya mwenzetu aliyepoteza mapato kwa sababu alikataa ubaya: unga, makaa, karo ya watoto, kwa miezi mitatu ya kwanza. Pesa yake itoke kwenye sherehe zetu. Jubilei ya padri inaweza kufanyika kwa chai na mkate, na mapadri waliomo humu wanaweza kuwa wa kwanza kulikubali hilo leo, kabla hatujaenda kula.