Polisi, Kijana na Kauli Laini



Wazazi wetu, ndugu na dada zangu katika imani. Allah (s.w.t.) alipowatuma Nabii Musa na Nabii Harun (a.s.) kwa Firauni, aliwaamrisha waseme naye kwa upole. Firauni huyo! Sasa afisa wa doria anayekutana na vijana wakitoka tarawehe hapa kwa Njenga ana udhuru gani wa kuanza na kofi?

Si maneno yangu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka polisi ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, nayo yasema anayekamatwa aelezwe sababu upesi, kwa lugha anayoielewa. Yaani kazi huanza na mdomo: salamu, jina lake, sababu ya kukusimamisha. Kisha anyamaze asikie jibu. Maafisa wawili wakifoka pamoja, kijana amtii yupi? Mmoja aseme, mwenzake arudi nyuma hatua mbili.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha aliyekasirika akiwa amesimama, akae. Lakini "Kaa chini wewe!" si sawa na "Tukae tuongee."

Desemba 2021, baada ya nyumba kubomolewa hapa mtaani, polisi na wakazi walipambana, watu wakafa. Kidonda hicho hakijapona, ndio maana kelele kidogo tu huwasha moto.

Nasi vijana, mikono ionekane, tusikimbie, tuulize, "Afande, kuna shida gani?" Ukionewa, shika namba yake ya kazi, kesho yake twende pamoja IPOA.

Wabillahi tawfiq.