Kuzama polepole: maneno tuliyosema kwenye mkutano wa Koni



Vijana wavuvi wameomba chama kinunue mashine ya kupuliza hewa na mpira mrefu, wazame kufungua nyavu zinazonasa chini ya mayi. Sisi tunaotembea na kazi hii ya vijiji tumeombwa kutoa mawazo. Hatukuja kukataza. Kuzama ni raha, ila ni raha ya mtu asiye na haraka.

Wale kati yetu waliorudi toka kambi za Mwange na Kala kule Zambia, wakavuka toka Mpulungu mpaka Moba, wanajua mayi ya Tanganyika namna yanavyoonyesha mawe ya chini. Kule kuko samaki wadogo wanaokaa ndani ya koa tupu za konokono. Wengine wanabeba watoto wao kinywani. Mwenye kupiga miguu mbio ataona mikia tu. Lakini ukikaa kando ya jiwe moja, unapumua taratibu, hawakuogopi tena: wanarudi, wanafukuzana, wanalinda mlango wa nyumba yao. Robo saa kwenye jiwe moja, na hauchoki kutazama.

Na feza inaingia hapo pia. Chupa ya lita 12 iliyojazwa bar 200 ina hewa ya lita 2,400 hivi. Kwenye mita 10 kila pumzi inakula mara mbili kuliko juu, kwenye mita 20 mara tatu. Mwenye wasiwasi anaimaliza mbele ya wenzake, na wote wanapanda kwa sababu yake.

Kupanda njo kuna kifo. Desturi ni kutopita mita 9 kwa dakika, kisha kusimama dakika 3 kwenye mita 5, na usifunge pumzi hata kidogo. Pwani ya Bahari ya Hindi kuko wazamiaji wa majongoo waliopooza miguu kwa kupanda mbio ili wapate mzigo mwingine. Tena siye tuko nchi ya juu, hewa ni nyepesi. Hesabu za baharini hazitutoshi hivi hivi.

Sasa ile mashine. Tumeiona: ni ya kujaza matairi. Inavuta moshi wa mota yake na harufu ya mafuta, inavisukuma vyote kifuani mwa kijana. Atalala usingizi chini, na mwenye kushika mpira juu hatajua. Na hapa petu kuko barrage ya SNEL: mayi ya Lufira yanayotoka Mwadingusha yanavutwa kwenda turbine. Kule hata fundi wa kuzama haingii mpaka milango ifungwe. (Mamba tuwaache, kila mtu anawajua.)

Kwa hiyo tunaomba hivi: nyavu zitolewe kwa kulabu na kamba toka mtumbwini, na nyavu iliyokataa iachwe, chama kisaidie kununua ingine. Vijana wawili wanaotaka kweli kuzama wapelekwe kwa mwalimu mwenye cheti, wajifunze kwanza kupumua. Feza ya ombi ingali kwenye kisanduku, haijaguswa. Wazazi wa hao vijana waseme nao mbele ya kura.