Kengele Iliyo Ndani Yetu

Soko la Toi, Nairobi, liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, likaungua tena mwaka 2019. Basi muuza mitumba akinusa moshi, moyo humwenda mbio kabla hajauona moto. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo, umbo lake kama lozi, ipigayo kengele ya hatari upesi kuliko fikira. Mungu aliiweka ili tuokoke. Kuogopa si kukosa imani. Lakini kengele hiyo haichagui: moshi wa jiko huitisha, hata jirani huonekana adui. Daudi, katika Zaburi ya 56, hakuficha hofu yake, bali aliipeleka kwa Mungu. Nasi tuipeleke, kisha tumtazame jirani mara ya pili. Amina.