Ukiwa Peke Yako Ugenini, Nani Anaangalia Sahani Yako?

(Mawaidha kwa vijana baada ya Swala ya Alasiri, Voi)



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.T.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu vijana, najua saa hizi kuwatajia chakula ni kuwatesa. Magharibi haijaingia, na harufu ya sambusa inatoka nyumba ya pili. Lakini vumilieni kidogo, manake leo nataka tuzungumze juu ya chakula, tena chakula cha Wachina.

Hapa Voi Mchina si mgeni tena. Tangu ujenzi wa reli ya SGR ulipoanza mwisho wa mwaka 2014, mpaka treni ya abiria ikazinduliwa tarehe 31 Mei 2017, tumewaona barabarani na sokoni. Siku hizi mambo yamegeuka, ni sisi tunaokwenda kwao. Huyu kapata nafasi ya masomo, yule anafuata mizigo ya simu, nguo na vipuri. Na kijana akiwa anafunga sanduku lake, mama humuuliza: "Mwanangu, huko utakula nini?"

Swali hilo si la mchezo. Sisi hapa hatujazoea kulijibu. Ukiingia hotelini Voi ukaagiza pilau, hujiulizi sana, kwa sababu mara nyingi anayechinja machinjioni ni Mwislamu. Hata kule milimani, Wundanyi na Mgange, jirani Mkristo akiwa na harusi huenda akamwita Mwislamu aje achinje, ili wageni wote wale bila wasiwasi. Majirani wametubeba kwa wema wao, mpaka sisi wenyewe tumesahau kuuliza.

Sasa wewe jitie katika hali hii. Umefika Guangzhou ama Yiwu. Huko hakuna taabu kubwa, misikiti ipo na mikahawa ya Waislamu ipo. Lakini kiwanda cha bidhaa yako kiko mji mdogo, mwendo wa saa kadhaa kwa basi. Umeshuka usiku, peke yako, njaa inakukata, lugha huijui. Mbele yako kuna mkahawa, sufuria inatoa mvuke, mwenyewe anakukaribisha kwa tabasamu. Ukutani kuna picha za vyakula, wewe ni kunyoosha kidole tu. Hakuna anayekujua mji mzima. Mama yuko Voi. Nani ataona?

Hapo, ndugu yangu, ndipo funga yako ya leo inapopimwa. Mchana huu umeingia kuoga, maji yanakumiminikia usoni, mlango umefungwa, kiu imekushika, na hukumeza hata tone. Nani alikuzuia? Basi Yule aliyekuona bafuni Voi ndiye anayekuona kwenye mkahawa ule. Ramadhan inatufundisha kuwa Waislamu hata pale tusipoonekana na watu.

Lakini nia njema bila elimu haitoshi. Shikeni mambo manne.

Kwanza, jua ulichokatazwa. Surat Al-Maida, aya ya 3, inataja nyamafu, damu, nyama ya nguruwe na kilichochinjwa kwa asiyekuwa Allah. Aya ya 5 inatuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, lakini Wachina wengi si Mayahudi wala Wakristo. Kwa hivyo kusema "mimi sili nguruwe" hakutoshi, hata kuku lazima ajulikane kachinjwa na nani. Tena kwao neno "rou", yaani nyama, likitajwa peke yake kwa kawaida huwa ni nguruwe. Ng'ombe ni "niurou", kondoo ama mbuzi ni "yangrou". Na usidanganyike na sahani ya mboga, huenda zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Samaki naye huenda ametiwa mvinyo wa kupikia kuondoa shombo.

Pili, jua pa kutafuta. China kuna Waislamu wa kabila la Hui zaidi ya milioni 10, mbali na Wauighur na wengineo. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa peke yake, kijana wa miaka 21. Alipita Mombasa yetu mnamo 1331, na miaka mingi baadaye akafika China. Alieleza kwamba aliona nguruwe akiuzwa masokoni, lakini pia kwamba Waislamu walikuwa na mitaa yao na misikiti yao katika miji. Yeye aliwatafuta ndugu zake. Na wewe watafute.

Alama yao ni herufi mbili za Kichina, 清真, zinazosomwa "qingzhen", karibu na "chingjen". Hiyo ndiyo halali kwao. Ziandike kwenye karatasi uitie mfukoni. Usitegemee maandishi ya Kiarabu peke yake, kwani mwaka 2019 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa mikahawa ya Beijing iliamriwa kuyaondoa. Katika miji mingi, hata midogo, utakuta kijimkahawa cha tambi za Lanzhou, zinazovutwa kwa mkono na kutiwa mchuzi wa ng'ombe. Nyingi za biashara hizo ni za Waislamu kutoka Gansu na Qinghai. Nyingi, si zote, kwa hivyo hata hapo tazama zile herufi mbili.

Tatu, tofautisha haramu na usichokizoea. Mtume (S.A.W.) aliwahi kuletewa mjusi wa jangwani. Hakumla, akaeleza kuwa si chakula cha nchi ya watu wake, na wala hakumharamisha. Khalid bin Walid akamla pale pale, Mtume akitazama. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Tena imepokewa kuwa Mtume hakuwa akikitia chakula ila, akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Sasa wewe ukiona tofu ya soya, ama majongoo ya pwani ambayo wavuvi wetu huyakausha yakauzwe huko huko China, usikunje uso ukasema "hawa wanakula uchafu." Je, mgeni akitemea mate kimanga cha nyanya yako, utamwonaje? Kataa kwa adabu, mkono kifuani.

Nne, usikimbilie dharura. Ni kweli Qur'ani imemsamehe aliyelazimika kwa njaa. Lakini huyo ni mtu anayechelea nafsi yake, si wewe mwenye duka la matunda mbele yako. Mayai ya kuchemsha yapo, wali mweupe upo, ndizi zipo. Beba tende kutoka nyumbani. Na safari ikikukuta Ramadhan ukashindwa kufunga, Allah amekupa ruhusa ulipe siku nyingine. Ruhusa hiyo ni ya kula mchana, si ya kula haramu.

Turudi kwenye ule mkahawa wenye mvuke. Mwenyewe anakungoja. Usione haya. Toa karatasi yako, mwonyeshe zile herufi mbili. Hajui Kiswahili, hajui Qur'ani, lakini herufi zake anazijua. Huenda akatikisa kichwa, akatoka nje, akakuonyesha kwa kidole mkahawa wa tambi ulioko kona ya pili. Na hapo utamkumbuka yule jirani wa Wundanyi. Wengi watakusaidia kuishika dini yako, mradi wewe mwenyewe uonyeshe kuwa umeishika.

Ewe Mola wetu, tukubalie funga zetu, utuhifadhie vijana wetu walioko safarini, uwaruzuku kilicho halali na uwarudishe kwa mama zao salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.