Mpira Mgumu na Mtoto Mtazamaji

Leo tunamzungumzia mtoto asiyecheza, anayetazama tu.

Mpira wa kriketi, kama ule unaochezwa uwanja wa Mombasa Sports Club, una uzito wa takriban gramu 160. Ndani ni koki na nyuzi, nje ni ngozi ngumu. Ukipigwa vizuri huvuka mpaka wa uwanja na kuangukia walipokaa watu. Mchezaji anayepiga huvaa kofia ngumu. Mtoto wako hana.

Huko Marekani mchezo wa besiboli una hatari hiyo hiyo. Mwaka 2017 mtoto mdogo alipigwa usoni na mpira katika uwanja wa Yankee Stadium, New York. Kufikia 2018, viwanja vyote 30 vya ligi kuu vilikuwa vimerefusha nyavu za kuwakinga watazamaji. Pasipo na wavu, mama, wavu ni wewe.

Ufanye nini?

Kwanza, keti nyuma, mbali na mpaka. Usimwache mtoto acheze karibu na kamba.

Pili, mtoto asiupe mchezo mgongo. Mkitaka mabuyu au kachiri, ngojeni mchezo usimame.

Tatu, ukisikia watu wanapiga kelele, usitafute mpira uko wapi. Mwinamishe mtoto, umfunike kichwa kwa mikono.

Je, akipigwa? Mketishe atulie. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 10. Usimkande kichwa kwa nguvu. Akipigwa jicho, usilisugue wala kulibonyeza. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyepigwa kichwa mwangalie kwa siku 2, hata kama amerudi kucheza. Mkimbize hospitali mara moja ukiona dalili hizi: anatapika tena na tena, analala na kuamka kwa shida, anababaika katika maneno, anapata degedege, kichwa kinazidi kumuuma, au anatokwa na maji au damu masikioni au puani. Usingoje kupambazuke.

Mama, mchezo ni furaha, wala hatusemi umfungie mtoto nyumbani. Mpeleke, lakini chagua mahali pa kuketi. Kinga ni bora kuliko tiba. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.