Mkasi na Mwili Mnene



Mwaka 2016 mwanamitindo mnene, Ashley Graham, alitokea kwenye jalada la toleo la mavazi ya kuogelea la jarida la Sports Illustrated. Mwaka 2018 ikawa zamu ya mwanamitindo mnene mwenzake, Tess Holliday, kwenye jarida la Cosmopolitan la Uingereza, na ubishi ukazuka kama mwili ule unastahili kuonekana. Nilifurahia majalada yote mawili. Ila jalada halivaliwi. Heshima kwa mwanamke mnene naipima kwenye meza ya kukatia, na huko mabadiliko yanasuasua.

Biashara ya nguo za wanene si ngeni. Lena Bryant, mhamiaji wa Kiyahudi kutoka Lithuania, alifungua duka New York mwaka 1904, akajulikana kwa nguo za wajawazito. Kosa la herufi benki likalipa duka jina la Lane Bryant. Mume wa Lena, Albert Malsin, alikuwa mhandisi. Ili duka liwatengenezee nguo wanawake wanene pia, alipima wateja wapatao 4,500, kisha akachambua takwimu za kampuni ya bima kuhusu wanawake wengine wapatao 200,000. Akabaini kwamba wanene hawafanani: kuna aliyejaa kifuani, aliyejaa nyonga, na aliyejaa mwili mzima. Kufikia 1923 mauzo ya duka yalikuwa dola milioni 5.

Karne moja baadaye, viwanda vingi bado vinakata kana kwamba Malsin hakuwahi kushika futi. Vinachukua kipimo cha mwanamke mwembamba na kukikuza tu. Itazameni blauzi iliyokatwa hivyo ikivaliwa: vifungo vya kifuani vinaachama, mishono ya mabega imeteremkia mikononi, shingo inapwaya na kwapa linabana. Mifupa ya bega haitanuki kadiri kifua kinavyotanuka. Dawa inajulikana: kuchora kipimo cha msingi cha pili kwa kufuata mwili mnene wenyewe, na kumjaribishia nguo mwanamke mwenye mwili huo. Ni gharama, ndiyo maana inakwepwa.

Agosti 2021 Old Navy, kampuni ya nguo ya Marekani, ilithubutu. Iliondoa kona ya wanene, ikatundika saizi 0 hadi 28 pamoja, kwa bei moja. Kwangu hatua ile ilizidi tangazo lolote. Haukupita mwaka, saizi za kati zikawa zinaisha huku kubwa na ndogo kabisa zikilundikana, na mwaka 2022 kampuni ikapunguza saizi kubwa katika baadhi ya maduka yake. Wako waliosema wanene hawanunui. Nawapinga kabisa. Mgawanyo wa mzigo ulikosewa hesabu. Tena mtu aliyezoeshwa miaka mingi kwamba dukani hamna chake, hawezi kurudi kwa msimu mmoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tumekingwa na jambo moja: fundi cherehani. Kwake hakuna saizi. Kuna kitenge, futi na mwili uliosimama mbele yake, na mteja mnene hatoki mlangoni akiwa mtu wa pembeni. Sasa nguo za tayari zinachukua nafasi ya fundi mijini, na zinakuja na vipimo vilivyochorwa kwa miili mingine. Wanafunzi wa ubunifu wa mavazi mnaonisikiliza, baadhi yenu mtaajiriwa kuchora vipimo vya nguo hizo. Ninawaomba mpime wanawake wetu kwanza, wengi, wa maumbo yote, kabla hamjagusa mkasi.