Somo juu ya Noeli ya Marafiki na Noeli Yetu



Wakristu wapenzi, ninyi mnaotusikiliza nyumbani, na ninyi mliokusanyika kanisani kuizunguka redio moja, leo hatuanzi na swali la katekisimu. Tunaanza na kosa letu.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Noeli, mzee mmoja wa kituo chetu alitujia. Binti yake ameolewa huko Uvira, katika jamaa ya dini ya Marafiki, ambao kwa jina jingine huitwa Wakwekeri. Wazazi wa mume walimwalika aende kusali nao siku ya Noeli na kula pamoja. Akatuuliza: «Mwalimu, je, ni dhambi?» Sisi tukamjibu upesi: «Usiende. Watu hao hata Noeli hawaijui.» Mzee akatii, akabaki.

Jibu lile lilikuwa na ukweli kidogo na uonevu mwingi. Tuutazame ukweli kwanza. Dini ya Marafiki ilianza Uingereza kwa mahubiri ya George Fox, mwana wa mfuma nguo, aliyezaliwa mwaka 1624 na kufundishwa kazi ya kushona viatu. Marafiki wa zamani walikataa sikukuu zote. Walisema kwamba kila siku ni ya Bwana. Tarehe 25 Desemba walifungua maduka yao kama kawaida, na jirani zao wakawachukia kwa ajili hiyo. Hata majina ya siku waliyaacha, wakahesabu tu: siku ya kwanza, siku ya pili, karibu kama sisi tunavyosema kazi moja, kazi mbili. Katika sala yao hapakuwa na padri wala altare. Walikaa kimya, na mtu aliyeona kwamba Roho anamsukuma alisimama akasema maneno machache. Mwisho walipeana mikono. Wengi wa Uingereza husali hivyo hata leo.

Lakini sikilizeni habari hii, ambayo Fox mwenyewe aliiandika. Alipokuwa kijana, Noeli ilipofika na watu wakawa katika karamu na michezo, yeye aliwatafuta wajane maskini nyumba kwa nyumba, akawapa fedha. Alipoalikwa arusini hakwenda. Kesho yake, au baadaye kidogo, aliwatembelea maarusi, na kama walikuwa maskini aliwasaidia. Je, mtu huyo hakuijua Noeli?

Sasa tuitazame Noeli yetu, ile tuliyomzuilia mzee. Usiku tulisali vizuri, twamshukuru Mungu. Asubuhi pombe ilianza kabla jua halijapanda. Vijana wakapigana mbele ya kanisa. Wengine walikuwa wamekopa fedha za vitambaa vipya, na deni hilo wanalilipa mpaka leo. Nyuma ya kanisa, hatua thelathini tu, mjane mmoja alishinda bila moto jikoni. Hakuna aliyemkumbuka, hata sisi tunaofundisha matendo ya huruma. Tulimwona siku ya tatu.

Je, tuache sikukuu? La. Eklezya ni mama, naye anajua kwamba wanawe ni wasahaulifu. Mkulima asemaye kwamba kila siku ni siku ya kupanda, mwishowe hapandi kabisa. Tena Marafiki hawabatizi kwa maji, wala hawana Ekaristia; mambo hayo Bwana mwenyewe aliyaagiza, si madogo. Sisi wa vijijini tuangalie sana hapo. Padri hutufikia mara chache, na Jumapili nyingi twasali bila Misa. Mtu aweza kudhani kwamba tumekuwa sawa nao. Si sawa. Wao hawaihitaji Misa. Sisi twaingoja, kama shamba lingojavyo mvua.

Tena tulisema uongo juu ya jirani. Wamisionari wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, katika Kenya, mwaka 1902, na Kibimba, katika Burundi, mwaka 1934. Marafiki wa nchi hizo wana wachungaji na nyimbo, na wengi wao huadhimisha Noeli na Pasaka, kama hao waliomwalika mzee. Nao maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, waliandika kwamba wakatoliki waweza kusali pamoja na ndugu waliotengana nasi, hasa kuombea umoja. Tena walikiri kwamba utengano ulitokea kwa makosa ya pande zote mbili. Tumekwisha kumwuliza padri wetu, naye amekubali.

Basi, baba, kama unatusikiliza, jibu letu ni hili. Usiku wa Noeli sali nasi kanisani. Asubuhi shika njia ya Uvira kwa binti yako. Sali nao, kula chakula chao, na wakikuuliza habari za imani yetu, waeleze kwa upole. Nasi tutakaobaki, kila nyumba itapeleka unga au kuni kwa wajane kabla chungu cha kwanza cha pombe hakijafunguliwa. Jumapili hii wazee wa kanisa watapita kuhesabu nyumba za wajane hao. Zile tunazozijua mpaka sasa ni saba.